Kete Moja, Mabomba Mawili: Uchambuzi wa Kisa cha Kisauni

Mtu wa kisa hiki ni wa kubuni. Umri wake, kazi yake na saa za matukio tumezipanga sisi ili hesabu ionekane. Sheria iliyomkamata, dawa anayokunywa na jinsi mwili unavyojibu si vya kubuni, na yeyote anayefanya kazi na mateja, yaani waraibu wa heroini, wa Mombasa atamtambua mtu huyu hata bila jina.

Tumemchagua kwa sababu ya swali linaloulizwa barazani kila unga, yaani heroini, unapotajwa: dawa za kulevya zihalalishwe, ama zisihalalishwe? Likiulizwa hivyo, kila mtu huondoka na jibu alilokuja nalo. Kete moja, yaani kijikaratasi cha unga chenye uzito wa sehemu ya kumi ya gramu, inatulazimisha tuulize kidogo kidogo. Kihalalishwe nini hasa: unga wenyewe, kuutumia, au bomba la sindano?

Ijumaa

Ni mwanamume wa miaka 36, hamali katika soko la Kongowea. Alianza na kokteli, yaani unga uliochanganywa na bangi ukavutwa, akaishia kujidunga. Miezi saba sasa yuko kwenye methadone, dawa ya kliniki inayoshika nafasi ya unga, na dozi yake imetulia kwenye miligramu 85. Dawa yenyewe ni ya maji, miligramu 5 kwa kila mililita, kwa hiyo dozi yake ni mililita 17. Hupimwa mbele yake, huongezwa maji, akainywa hapo hapo dirishani huku muuguzi akimtazama. Kisha huambiwa aseme neno lolote, "asante" ama "kesho". Huo si ukarimu. Aliyebana dawa mdomoni ili akaiteme nje na kuiuza hawezi kusema.

Hapewi ya kubeba nyumbani. Lazima afike kila siku, Jumapili na Idi zikiwamo. Kliniki humwita mteja, mtaa humwita teja, na tofauti ya maneno hayo mawili ni herufi moja tu.

Ijumaa hiyo alikunywa dozi yake saa mbili na dakika kumi asubuhi. Jioni akalipwa pesa ya wiki. Saa moja usiku polisi waliingia maskani, pale mateja wanapokutana, wakamkuta na kete moja ya shilingi 200 na mabomba mawili ya mililita 1. Moja lilikuwa jipya, bado limo ndani ya karatasi yake. La pili lilikuwa limetumika, na alikuwa akilirudisha kwa mradi wa sindano, kwa kuwa mradi ukitoa mapya hukusanya yaliyotumika yasije yakamchoma mtoto kichochoroni.

Mtu yuko kwenye methadone, kete ya nini? Swali ni la haki. Jibu ni kwamba methadone huondoa arosto, yaani mateso ya kukosa unga, haiondoi siku ya malipo wala marafiki wa miaka kumi na mitano. Kuteleza miezi ya mwanzo ni jambo la kawaida, na kliniki inayojua kazi yake haimfukuzi mtu kwa mkojo uliokutwa na unga. Humuuliza amelala vipi, anaanza kutokwa na jasho saa ngapi, halafu huangalia kama dozi inatosha. Tofauti ya kupima ni hii: kabla ya methadone mtu huyu alijidunga mara tatu au nne kwa siku, sasa ni mara moja kwa wiki mbili. Kwa polisi wa doria, mara moja kwa wiki mbili na mara nne kwa siku ni kosa lile lile.

Kutoka seli hadi kortini

Ijumaa usiku ndiyo saa mbaya kuliko zote za kukamatwa. Katiba, ibara ya 49, inataka aliyekamatwa afikishwe mahakamani ndani ya saa 24. Saa hizo zikiisha wakati mahakama imefungwa, muda husogea hadi mwisho wa siku ya mahakama inayofuata. Saa 24 za mtu wetu zinakwisha Jumamosi saa moja usiku. Kwa hiyo ni Jumatatu. Hakuna aliyevunja sheria kwa kumweka hadi Jumatatu, na hapo ndipo ugumu ulipo: kila mmoja anaweza kufuata kanuni zake barabara na mgonjwa akakosa dozi tatu.

Jumamosi asubuhi mwelimishaji rika alipata habari, akaenda kituoni.

"Afande, salama? Yule bwana wa jana ana dawa yake anakunywa kila siku, hapo Kisauni."

"Dawa gani?"

"Methadone."

"Si unga mwingine tu huo, mnawapa kwa kikombe?"

Tusimcheke afande. Methadone ni kweli iko katika kundi moja na heroini, na imo katika orodha za dawa zinazodhibitiwa kimataifa chini ya mkataba wa 1961. Kinachoitenganisha ni jinsi inavyofanya kazi. Unga wa kudungwa hupanda ndani ya sekunde na kushuka ndani ya saa chache, ndiyo maana teja hutafuta kete asubuhi, mchana na usiku. Methadone ya kunywa hufika kileleni baada ya saa mbili hadi nne na kushuka taratibu, nusu yake ikitoka mwilini kwa siku moja hivi au zaidi. Aliyetulia kwenye dozi yake hapandi wala hashuki, anabeba magunia. Maelezo hayo yanachukua dakika mbili, na ni nadra mtu kuyapata kwenye kaunta ya kituo Jumamosi asubuhi.

Kilichohitajika pale ni vitu vinne: namba ya kadi ya mteja, jina la kliniki, tarehe na saa ya dozi ya mwisho, na kiasi chake. Kliniki hufungua siku saba. Njia ni mbili, ama mgonjwa asindikizwe dirishani na kurudishwa seli, ama muuguzi aje na dozi iliyopimwa na kutiwa sahihi. Zote mbili zinatosha ndani ya sheria iliyopo. Ibara ya 43 ya Katiba inatoa haki ya afya, na Sheria ya Watu Walionyimwa Uhuru ya 2014 inatambua haki hiyo kwa aliye kizuizini pia. Lakini uamuzi ulimwangukia mtu mmoja kaunta, bila fomu, bila maagizo yaliyoandikwa, akiogopa kwamba mshukiwa akitoroka njiani atajibu yeye. Akafanya ambalo wengi wangefanya, akasema asubiriwe mkuu wa kituo.

Arosto ya unga huanza saa sita hadi kumi na mbili baada ya kete ya mwisho na kupamba moto kati ya siku ya kwanza na ya tatu. Ya methadone huchelewa: huanza baada ya siku moja au mbili, haichomi kwa ghafla, lakini hudumu wiki mbili na zaidi. Kwa hiyo Jumamosi mtu wetu alionekana mzima, na wote wakaamini haikuwa na haraka. Jumapili alasiri pua na macho vilianza kumwagika, mboni zikapanuka, vinyweleo vikamsimama kama kuku aliyenyonyolewa. Usiku kukawa na tumbo la kuendesha. Ndoo ya seli ni moja.

Jumatatu alisimama kizimbani akiwa na saa 74 bila dawa. Mashtaka yalikuwa mawili: kupatikana na heroini, na kupatikana na kifaa cha kutumia dawa ya kulevya.

Utaratibu wa kujibu mashtaka ulinyooshwa na Mahakama ya Rufaa ya Afrika Mashariki katika kesi ya Adan mwaka 1973. Shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa, jibu liandikwe kwa maneno yake mwenyewe, akikubali asomewe maelezo ya kosa, aulizwe kama ana la kupinga, na akibadili nia liandikwe kuwa amekana. Ni utaratibu mzuri, ila unamchukulia mshtakiwa kuwa mtu anayefikiria. Mtu wa saa 74 hafikirii kesi, anafikiria choo na usingizi, na njia fupi inayoonekana mbele yake ni kusema "ni kweli". Tunapowashauri wasaidizi wa sheria huwaambia waombe jambo moja kabla ya shtaka kusomwa: hakimu aarifiwe kwamba mshtakiwa ni mgonjwa aliyekosa dawa, na hilo liandikwe kwenye jalada. Likishaandikwa, jibu la hatia linaweza kuhojiwa baadaye. Lisipoandikwa, ni neno la teja.

Mtu wetu alikana. Akapewa bondi ya shilingi 50,000 yenye mdhamini mmoja, ama dhamana ya pesa taslimu shilingi 20,000. Nyumbani hawakuwa nazo. Jioni akaenda rumande.

Jumanne, na jinsi dozi sahihi inavyoua

Methadone imefika hadi ndani ya magereza ya Pwani, na hilo ni jambo la kujivunia. Lakini muuguzi wa gereza akiambiwa na mahabusu, "Mimi ni themanini na tano," hawezi kumpa 85, na hapaswi.

Uzoevu wa mwili kwa dawa hizi huanza kuporomoka siku ya tatu. Kawaida ya kazi ni kwamba aliyekosa siku moja au mbili hurudishiwa dozi yake akishaonekana hajalewa kitu kingine. Aliyekosa tatu au nne hupunguziwa, mara nyingi hadi nusu, na kupandishwa upya. Aliyekosa tano au zaidi huanzishwa kama mgeni: miligramu 30 kwenda chini. Kumpa 85 aliyekosa siku tano ni kumlaza, na huenda asiamke. Kifo cha methadone huja taratibu. Mtu hunywa asubuhi, hutembea, husinzia mchana, pumzi hukatika usiku wakati kila mtu anadhani amelala. Tena dozi hujilimbikiza: ya leo hukutana na mabaki ya jana, na mwili husawazika baada ya siku tano hivi. Hiyo ndiyo sababu dozi haipandishwi kila siku hata mgonjwa akilia.

Kwa hiyo muuguzi alihitaji karatasi yenye dozi ya mwisho. Karatasi haikuja na mtu, kwa sababu kituoni haikuandikwa na kortini haikuulizwa. Jumanne ikapita. Jumatano mama yake akapata pesa, nusu ya chama, nusu ya mkopo wa jirani. Makaratasi ya dhamana yakamalizika saa kumi jioni, dirisha la kliniki limeshafungwa.

Hesabu yake ni Jumamosi, Jumapili, Jumatatu, Jumanne, Jumatano. Dozi tano.

Jumatano usiku

Alinunua kete moja, kiasi kile kile alichozoea. Kwa mwili wake wa Jumatano kiasi hicho kilikuwa kingine kabisa. Juu yake akameza vidonge viwili vya bugizi ili apate usingizi.

Walioko maskani waliona midomo ikigeuka rangi. Mmoja akataka amwagiwe maji, mwingine akaenda kutafuta maziwa. Maziwa hayasaidii lolote hapa. Aliyezimia akinyweshwa huvuta maji hayo mapafuni. Kinachomuua ni kusahau kupumua, basi tiba ya kwanza ni pumzi. Mlaze chali, inua kidevu, toa kilichomo mdomoni, bana pua, mpulizie pumzi moja kila baada ya sekunde tano. Mwenye naloksoni, dawa inayokata nguvu ya unga mwilini, amdunge miligramu 0.4 kwenye msuli wa paja, asubiri dakika mbili au tatu huku akiendelea kupuliza, arudie kama kifua hakijainuka. Akianza kupumua, alazwe kwa ubavu.

Aliyekuwa na naloksoni alikuwa umbali wa dakika kumi kwa bodaboda. Waliokuwapo wakapuliza dakika hizo kumi. Alipozinduka alikasirika akataka kuondoka, kama wanavyofanya wengi, maana naloksoni humrudishia arosto yote kwa mpigo. Hapo ndipo watu hukosea mara ya pili. Naloksoni hudumu dakika 30 hadi 90. Unga, na zaidi methadone, unaweza kuishinda kwa muda, na bugizi naloksoni haiigusi kabisa. Akiachwa aende akalale, anaweza kuzima tena peke yake. Wakakaa naye hadi usiku wa manane ukapita, wakampeleka kliniki alfajiri.

Akaanza upya na miligramu 30. Kutoka 30 hadi 85 ni miligramu 55. Akipandishwa 10 kila siku tatu, ambayo ni kasi ya juu, ni siku 18. Akipandishwa 5 kila siku tano, ni siku 55. Siku tano za kufungiwa zimemgharimu kati ya wiki mbili na nusu na karibu miezi miwili ya kutotulia, na huo ndio muda ambao kete hununuliwa zaidi.

Sheria ilikuwa ikimlinda nani?

Sheria ya Kudhibiti Dawa za Kulevya ya 1994 inaadhibu vitu vitatu tofauti ambavyo gumzo la barazani huvichanganya. Kifungu cha 3 ni kupatikana na dawa. Cha 4 ni ulanguzi. Cha 5 ni kutumia, pamoja na kupatikana na kifaa cha kutumia. Sheria ilipotungwa, kosa hilo la tatu liliwekewa faini ya shilingi 250,000, au kifungo kisichozidi miaka 10, au vyote viwili. Marekebisho ya 2022 yaliingiza gramu katika kupima ukubwa wa adhabu. Hilo ni sawa kimsingi, ingawa lina matatizo yake ya mzani tutakayoyagusa.

Kwa upande wa ulanguzi hatuna ugomvi. Novemba 2014 Baktash na Ibrahim Akasha walikamatwa hapa Mombasa katika mtego uliohusisha kilo 99 za heroini na kilo 2 za methamfetamini. Wakapelekwa Marekani Januari 2017, wakakiri, wakahukumiwa miaka 25 na miaka 23. Kilo 99, zikigawanywa kwa kete za gramu 0.1 hata kabla ya kukatwa na chochote, ni kete 990,000. Aprili 2014, meli ya kivita ya Australia, HMAS Darwin, ilinasa kilo 1,032 ndani ya jahazi moja nje ya pwani yetu. Shehena ya namna hiyo huondoka pwani ya Makran, kule Iran na Pakistan, na kushuka na bahari hadi kwetu. Hamali wa Kongowea yuko mwisho kabisa wa mstari huo, na ndiye aliye rahisi kumfikia kwa mguu.

Bomba ndilo lililotukera zaidi. Tangu miaka ya 2012 na 2013 serikali hiyo hiyo, kupitia wizara ya afya, imeruhusu miradi igawe sindano na mabomba safi, kwa sababu uchunguzi wa 2011 uliwakuta na virusi vya UKIMWI asilimia 18 hivi ya wanaojidunga, mara tatu na zaidi ya watu wazima kwa jumla. Baadhi ya viongozi wa dini Pwani walipinga, wakisema kumpa teja bomba ni kumshika mkono aendelee. Hoja hiyo ina uzito wake, na jibu la kifiqhi kwamba palipo madhara mawili huchukuliwa lililo jepesi lina uzito wake pia. Lakini polisi hawakuwa kwenye mjadala huo. Kifungu cha kifaa kilibaki. Matokeo yake kivitendo: mtu akijua bomba lililotumika ni ushahidi, halirudishi. Hulichomeka kwenye makuti ya paa, hulifukia mchangani, ama hatembei na lake kabisa na akifika maskani huazima la mwenziwe. Mtu wetu alikamatwa kwa kufanya alichoagizwa na mradi.

Sheria ina mlango wa tiba pia. Hakimu anaweza kuelekeza mraibu apelekwe matibabuni badala ya kukaa kifungoni muda wote. Mlango huo umewekwa baada ya hatia. Kwa mtu ambaye tayari yuko matibabuni, maana yake ni kwamba atolewe kwenye tiba, ashtakiwe, apatikane na hatia, ndipo arudishwe kwenye tiba.

Tukiihalalisha, nini kingebadilika?

Tuchukue kwanza njia pana, ya unga kuuzwa kwa leseni. Faida yake kubwa ni usafi. Unga wa mtaani hukatwa na parasetamoli, kafeini na chochote kilicho cheupe ama kahawia, na mnunuzi hajui nguvu ya kete ya leo. Duka lenye kipimo lingeondoa hilo. Lakini tumtazame mtu wetu Jumatano usiku. Hakuzimia kwa uchafu. Alizimia kwa sababu mwili ulisahau kiasi alichozoea, na kwa sababu ya bugizi, kidonge cha kiwandani chenye miligramu zilizoandikwa kwenye karatasi yake. Usafi wa duka usingemsaidia usiku ule.

Na kilichokwisha kuwa biashara halali hakirudi nyuma kirahisi. Mombasa tumelionja. Mei 2024 gavana alipiga marufuku kuingiza, kuuza na kutumia muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa, katika kaunti, Kilifi ikafuata. Miraa ni zao linalotambuliwa na Sheria ya Mazao ya 2013, muguka ukiwamo katika kanuni zake. Wakulima wa Embu wakaenda mahakamani, amri ikasimamishwa, na Rais akasema marufuku hayo hayana nguvu. Hatusemi nani alikuwa na haki. Tunasema zao likishakuwa na mkulima, dalali, lori na ushuru, afya huingia kwenye kikao ikiwa ya mwisho kuzungumza. Unga si muguka; aliyezidisha muguka hukosa usingizi, aliyezidisha unga hukosa pumzi.

Njia nyembamba ni ya Ureno. Tangu Julai 2001, aliye na dawa isiyozidi matumizi ya siku kumi, ambayo kwa heroini imewekwa gramu 1, hafanyi jinai. Dawa huchukuliwa, naye huitwa mbele ya jopo la watu watatu ndani ya saa 72. Kuuza kumebaki jinai. Saa 72 ni karibu sawa na zile mtu wetu alizokaa bila dawa kabla ya kumwona hakimu.

Wanaopinga huleta Oregon, na wana haki ya kuileta. Jimbo hilo la Marekani liliondoa jinai ya kupatikana na kiasi kidogo Februari 2021, na Septemba 2024 likairudisha. Makosa yake yanajulikana: faini ya dola 100 iliyofutika ukipiga simu ambayo wachache walipiga, na pesa za tiba zilizochelewa kufika huku jinai imekwisha kuondolewa. Sisi tuko kinyume chake. Kenya ilianza kutoa methadone Desemba 2014 katika Hospitali ya Mathari, Malindi ikafuata, kisha Kisauni na kwingineko. Tiba ipo, na foleni ya asubuhi ipo. Tumejenga nyumba, tukaweka askari mlangoni.

Kwa hiyo rai yetu si ya duka, wala si ya kuacha mambo yalivyo. Kifungu cha kifaa kiondolewe kwa sindano na mabomba, leo, kwa kuwa hakuna anayefaidika nacho. Kiasi cha chini ya gramu 1 kitoke kwenye jinai kwa mtumiaji. Heroini yenyewe, kwa wachache ambao methadone imewashinda, inaweza kutolewa na daktari kama Uswisi inavyofanya tangu 1994, lakini hilo kwetu ni la mbali. Hata methadone imeegemea mno misaada, na misaada ya Marekani ilipositishwa Januari 2025 kila mwenye kikombe dirishani aliliona hilo.

Gramu 1 nayo ina hila zake. Pusha, yaani muuzaji wa unga, hujifunza haraka, atabeba kete tisa. Jibu la Ureno ni kwamba kiasi si kinga. Ukikutwa unauza, unauza. Mzani ni tatizo kubwa zaidi. Kete ya gramu 0.1 haipimwi kwa mzani wa dukani. Unahitajika unaosoma hadi gramu 0.01, uliokaguliwa, na unga upimwe peke yake. Karatasi ya kete yaweza kuwa nzito kuliko kilichomo. Ukipima pamoja, kete sita zinavuka gramu na mtumiaji anageuka mlanguzi kwa uzito wa karatasi. Sheria inataka upimaji ufanyike mbele ya mshtakiwa pale inapowezekana. Wakili asome kwanza kama cheti kinasema uzito ni wa unga ama wa unga na kifungashio.

Atakayesema suluhisho ni kukaba usambazaji tu akumbuke Desemba 2010. Unga uliadimika Pwani kwa miezi kadhaa, hadi mwanzoni mwa 2011. Ndicho wengi walichokuwa wakikiomba. Methadone haikuwapo bado. Watu waliingia arosto kwa pamoja, wengine wakageukia vidonge na pombe, wenye jamaa wakafungiwa vyumbani, na unga uliporudi ukawakuta na miili iliyokwisha kusahau.

Fomu ya mistari saba

Sheria itachukua muda. Yapo yasiyoihitaji. Fomu moja ya nusu ukurasa ikiwa kwenye kaunta ingemwokoa mtu huyu Jumamosi: namba ya mteja, kliniki na simu yake, dozi ya mwisho kwa miligramu, tarehe na saa, dawa nyingine anazokunywa, jina la muuguzi aliyethibitisha, sahihi ya afisa. Mstari wa dawa nyingine usirukwe. Rifampisini ya kifua kikuu huiyeyusha methadone haraka, mtu akaingia arosto akiwa na dozi kamili. Flukonazoli hufanya kinyume chake. Nakala moja ibaki kituoni, moja iende na jalada la korti, moja iende na mahabusu. Na mahakama isimwachilie saa kumi jioni bila mtu kupiga simu kliniki.

Ramadhani inahitaji kifungu chake. Methadone ya mchana hufunguza saumu, na mgonjwa anayetaka kufunga ataruka dozi kimya kimya. Dirisha likifunguliwa baada ya magharibi, hatajificha.

Kesi bado inatajwa. Shtaka la heroini linangoja ripoti ya mkemia wa serikali. La bomba halingoji mkemia. Siku ya kutajwa hupangwa saa tatu asubuhi, na dirisha hufunguliwa mapema kidogo, kwa hiyo siku hiyo huwa wa kwanza kwenye foleni. Wiki nne baada ya kuanza upya yuko kwenye miligramu 65. Hunywa mililita 13, husema "kesho", halafu hupanda matatu ya kwenda kortini.